Mguu Uliodhaniwa Una Dhahabu

Jamani wa kambini, kila mmoja wenu amenipigia kwa wakati wake akitaka nimsimulie, na kila mmoja nimemsimulia kipande chake. Sasa nasikia Makoye anatangaza kwamba nilipanda lori, na mwingine anasema nilikamatwa na mali kiatuni. Ndiyo maana nimechukua daftari la mtoto wa kaka yangu niandike mara moja, wote msome kitu kimoja. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo mkikuta kosa lirekebisheni wenyewe huku mkisoma. Safari nimeitembea mimi, na nimeitembea yote.

Kutoka machimboni hadi Katoro

Kwa atakayeipata karatasi hii bila kunijua: naitwa Shija, niliyezaliwa baada ya mapacha, Kulwa na Doto. Nimevua dagaa, nimechunga ng'ombe wa watu, nimechuma tumbaku Ushetu, na miaka sita ya mwisho nilikuwa mwanaapolo, mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita. Kazi yangu ilikuwa kubeba viroba vya mawe kutoka mdomo wa duara, yaani shimo letu, mpaka kwenye karasha la kusagia. Bega la kulia, mteremko wa changarawe, siku nzima.

Kisigino cha kushoto kilianza kuuma taratibu. Asubuhi nikiteremka kitandani, hatua za kwanza zilikuwa kama kukanyaga msumari. Nikishazunguka kidogo maumivu yanalegea, jioni yanarudi na kulichukua na goti. Kila mtu kambini alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema ni nyama choma nyingi, mwingine alisema ni baridi ya maji ya shimoni, mwingine alinitajia hata jina la mtu aliyeniroga. Mwisho msimamizi akaniambia mtu anayechechemea hatashuka tena mteremko wake na kiroba, asije akaangukia wenzake. Sikumlaumu.

Nikampigia kaka yangu Kulwa, anayeishi nyumbani kwetu Didia.

"Rudi," akasema. "Sehemu yako ya shamba la mzee ipo. Umezunguka vya kutosha."

"Nikirudi nitakuja kwa miguu."

"Na kisigino hicho?"

"Nacho kitakuja."

Akanyamaza kidogo. Kaka yangu akinyamaza ujue anafunga mlango. "Sikiliza, Shija. Ukifika Didia kwa miguu, kila hatua, sitakutamkia tena neno la kukaa mpaka naingia kaburini. Ukipanda chombo hata kidogo, unakaa, unalima, habari za kuzunguka zimeisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Wengine mlicheka mliposikia. Kwangu halikuwa jambo la kuchekesha. Sina cheti, sina fundi aliyenifundisha kazi. Kila ninachokijua nimekijua kwa kukifuata mpaka kilipo, kwa miguu hii. Kama miguu imekwisha, mimi ni nani? Nilitaka kujua jibu kabla kaka hajanijibia.

Niliondoka alfajiri na gambuti zangu zilezile za kazini, namba mbili zaidi ya mguu wangu, maana ndizo nilizokuwa nazo. Kufika Katoro kulinichukua siku mbili. Sikuvua gambuti hata nikipumzika, kwa sababu nikishavua, hatua za kwanza za kuanza upya zinanitoa machozi. Kumbukeni hilo la kutovua, ndilo lililonipatia rafiki.

Katoro hadi Runzewe

Pale Katoro niliingia kwa mama lishe mmoja nikaagiza ugali wa muhogo na dagaa. Mtu akaja kukaa mbele yangu. Shati limepigwa pasi, kofia ya Kiislamu safi, umri kama miaka arobaini na kitu. Alijitambulisha kwa jina la Hamisi, mtu wa Kigoma, mfanyabiashara. Hakusema biashara ya nini.

"Ngosha, unaelekea wapi?" akaniuliza, akiniita kama watu wa nje wanavyowaita wanaume wa Kisukuma.

"Didia. Leo naanza kuelekea Runzewe."

"Kwa basi la saa ngapi?"

"Kwa miguu."

Akatazama chini ya meza. "Vua basi buti, mguu upate hewa."

"Uache tu ulivyo."

Akatabasamu kama mtu aliyepewa habari nzuri, akanilipia chakula. Kisha akasema naye anakwenda Runzewe, naye kwa miguu, maana daktari amemwambia apunguze tumbo. Nilimtazama. Hakuwa na tumbo.

Tulitembea pamoja siku mbili, na nawaambia kweli, sijawahi kutunzwa namna ile. Mahindi ya kuchoma alinunua yeye. Chapati, soda, machungwa, yeye. Wakati wa swala ukifika alitandika kitambaa chake kando ya barabara, akasali, halafu akanikimbilia huku akihema, kana kwamba nitayeyuka. Nikiingia porini kujisaidia alisimama barabarani akikohoa, mimi nikaitika kwa kukohoa, ndipo akatulia. Na muda wote macho yake yalikuwa chini, kwenye mguu wangu wa kushoto. Nilifikiri ni huruma.

Siku ya pili, tulipokwisha kuipita Bwanga, mvua ilitupiga. Tukajibanza kwenye baraza la duka moja lililoko juu ya mteremko. Hamisi alitazama kulia na kushoto, akaniinamia.

"Shija, sisi ni watu wazima. Taja bei."

"Ya nini?"

"Ya hicho kilichomo kwenye buti la kushoto."

Ndipo akili ikanifunguka. Ninyi mnajua jinsi watu wanavyotoroka na mali kule kwetu, na jinsi mtu anayetoka machimboni akichechemea anavyotazamwa. Mtu huyu alikuwa mnunuzi wa dhahabu, na siku mbili nzima alikuwa akinilisha kama ng'ombe wa mnada.

Nikakaa chini nikavuta buti. Lilitoka kwa shida. Hamisi alilikung'uta, akaingiza mkono mpaka kwenye vidole. Likatoka jiwe dogo. Alilitemea mate, akalisugua kwenye suruali, akalielekeza kwenye mwanga.

"Changarawe," akasema.

"Nilidhani ni ngozi yangu imekuwa ngumu," nikasema.

Akalitupa jiwe nje. Mvua ilikuwa inapiga bati. "Siku mbili," akasema polepole, akiiambia mvua zaidi kuliko mimi. "Nimetembea siku mbili kwa ajili ya kisigino cha mtu."

"Pole, kaka."

"Usinipe pole. Kazi hii nimeifanya miaka mingi na sijawahi kukosea kuhusu mtu anayechechemea. Hata kwako sikukosea. Niliona jana kwenye mteremko ule wa kwanza kwamba huna kitu, nikajiambia hapana, huyu anayo. Tamaa tu." Akanigeukia. Sasa alikuwa anazungumza kama fundi anayetetea kazi yake. "Sikiliza. Mwenye mali kiatuni anachechemea sawasawa akipanda na akishuka, kwa sababu kitu kiko palepale. Wewe ukipanda mlima unakuwa mzima. Ukishuka unakuwa mgonjwa. Kwa nini?"

"Sijui."

"Ukipanda unakanyaga kwa mbele, vidole. Ukishuka unanyoosha hatua ndefu, unakita kisigino chini kama mchi kwenye kinu. Halafu bega la kulia umeliinamisha, utadhani kiroba bado kipo. Mguu wa kushoto unautupa nje kama bata ili usianguke. Hebu lete huo mguu."

Akaushika kama mtu anavyoshika mguu wa mbuzi sokoni. Vidole vyangu vilikuwa vimejikunja, na juu ya kila kidole palikuwa na sugu. Sijawahi kujiuliza sugu inaotaje juu ya kidole, mahali pasipokanyaga chini.

"Buti kubwa," akasema. "Vidole vinalishikilia lisikutoke. Miaka sita umetembea na mguu uliokunja ngumi. Hebu nyanyua mkono wako, ukunje ngumi, ubaki nao hivyo mpaka kesho, uone kama mkono hautauma mpaka kwenye kiwiko."

Nikakunja ngumi palepale. Kabla mvua haijakatika, mkono ulikuwa umeanza kuchoka mpaka juu. Sijui niwaeleze vipi furaha niliyoipata. Miaka yote watu wamenitajia nyama, baridi na wachawi, na huyu mtu wa Kigoma aliyetaka kuninunua ndiye wa kwanza kutazama ninavyotembea.

Mvua ilipokwisha akanisimamisha peku kwenye mteremko wa mbele ya duka. "Shuka. Hatua fupi. Fupi zaidi. Vidole vinatazama unakokwenda, si kwenye duka la watu." Nikashuka, nikapanda, nikashuka tena. Mwenye duka na wateja wake wawili walitoka kutazama.

"Huyu unamfundisha nini?" akauliza mwenye duka.

"Kutembea," akajibu Hamisi.

"Mtu mzima na ndevu zake?"

"Alisahau."

Maumivu yalikuwepo, lakini yalikuwa madogo, na kwa mara ya kwanza nilijua yanatoka wapi. Tuliagana Runzewe. Hamisi alitafuta gari la kumrudisha siku ileile, viatu vyake vimekwisha. Dirishani akaniambia, "Siku ukipata mali kweli, niite. Nitakuja kwa gari."

Ushirombo

Nilifika Ushirombo Jumapili, gambuti zikiwa zinaning'inia begani, miguu peku, watu wakitoka kanisani wamependeza. Nilitafuta fundi wa katambuga, vile viatu vya tairi. Nikaelekezwa kwa fundi Petro, mzee kiasi, aliyekuwa amekwisha kuvua shati la kanisani na kulitundika kwenye msumari.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Zipo tayari hapo, chagua."

Nikachagua, nikavaa, nikaenda mpaka mwisho wa soko na kurudi. Kisigino kilikuwa sawa, lakini goti lilianza kulalamika kwa nje. Nikazivua, nikaziweka juu ya benchi lake, nikaomba ndimu kwa mama aliyekuwa anauza jirani. Nikaiweka ndimu katikati ya kiatu cha kushoto. Ikaviringika ikaangukia upande wa nje. Nikaiweka kwenye cha kulia. Ikaangukia upande wa ndani. Mara zote mbili kushoto.

"Unafanya nini na viatu vyangu?" akauliza fundi.

"Fundi, hizi umezikata upande mmoja wa tairi, pale linapoanza kujikunja. Zote zinainama upande mmoja. Nikivaa ni kama natembea ubavuni mwa kilima kisichokwisha."

"Watu wote wanavaa hizo."

"Na wote wanatembeaje?"

Tukatazama barabarani, mimi na yeye, bila kupanga. Akapita mwanaume mwenye katambuga, goti la kulia limeingia ndani. Akapita mwingine hivyohivyo. Akapita wa tatu, fundi akamfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona, halafu akavuta pumzi.

"Bhebhe, wewe, umeniharibia Jumapili," akasema.

Lakini alikuwa fundi wa kweli. Akachukua tairi lingine, akakata katikati, pale lilipo bapa kwa upana na lenye mviringo kwa urefu, hivyo kiatu kikawa kimeinuka kidogo mbele na nyuma, na mguu unajiviringisha wenyewe kwenda mbele. Nikamwomba aongeze mkanda nyuma ya kisigino, ili vidole visiwe na kazi ya kushikilia. Tukaijaribu kwa ndimu. Ikatulia. Akaijaribu tena mwenyewe nilipogeuka.

Nililala kwao siku tatu. Mke wake, Mama Anjela, alikuwa na dawa yake ya miguu inayochoka na jembe: gunzi la mahindi lililokauka. Anakaa kwenye kigoda, anaweka gunzi chini ya wayo, analiviringisha mbele na nyuma huku anachambua maharage. Akanipa la kwangu. Mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

"Kumbe mwanaapolo analia," akasema.

"Mama, hili gunzi lina meno."

"Liviringishe. Kesho asubuhi utanisalimia vizuri."

Asubuhi kabla sijasimama niliviringisha gunzi, nikaegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, mpaka msuli wa nyuma ukavutika. Kisha nikatembea kwenda kumsalimia. Msumari haukuwa umeondoka, lakini ulikuwa umekuwa mwiba. Nilimpigia shikamoo tatu kwa mpigo.

Masumbwe hadi Kahama, kipande kimoja mara mbili

Hapa ndipo ilipotokea habari anayoipotosha Makoye, kwa hiyo someni taratibu.

Baada ya Masumbwe nilikuwa natembea vizuri, lakini kama mtu anayejifunza. Hatua fupi, macho chini, midomo inahesabu. Kila baada ya muda nasimama, naegemea mti au nguzo, naunyoosha mguu nyuma. Kisha nakaa kando ya barabara, natoa gunzi kwenye kitambaa, naviringisha, nalifunga tena vizuri kwenye kitambaa, naliweka kifuani ndani ya shati lisilowe. Kwangu yalikuwa mazoezi. Kwa mtu anayetazama kutoka shambani, mgeni kutoka upande wa machimbo anatafuta kitu ardhini, ana kitu amekifunga kwenye kitambaa, na kila mara anakifungua kukitazama.

Sungusungu wawili, walinzi wa kijiji, walikuja na pikipiki. Vijana wenye adabu lakini wenye fimbo.

"Mwangaluka, baba," wakanisalimia kwa Kisukuma. "Tunaomba twende ofisini kwa mwenyekiti."

"Twendeni, kwa miguu."

Hawakunielewa. Walinibeba juujuu wakaniweka katikati, mmoja mbele na mmoja nyuma, pikipiki ikaondoka. Nilipiga kelele njia nzima, wao wakazidi kuamini. Tulikwenda kama kilomita nne, tena kuelekea Kahama, mbele ya safari yangu. Kila nguzo iliyopita nilihisi kaka yangu ananipokonya kitu.

Ofisini mwenyekiti wa kijiji, mzee mnene mwenye miwani, alikifungua kitambaa mbele ya watu kumi. Likatoka gunzi. Akalinusa. Akalitikisa sikioni. Akampa kijana, kijana akalivunja vipande viwili wakatazama ndani.

"Ni gunzi," akasema mwenyekiti, amekata tamaa kabisa. "Samahani, ndugu. Uko huru, endelea na safari."

"Siwezi kuendelea. Nirudi kwanza mliponichukua."

"Ukafanye nini?"

"Nianzie pale."

Wakatazamana. Niliondoka nikarudi kilomita zote nne, nikafika kwenye jiwe nililokuwa nimekalia, nikaligusa kwa mguu, nikageuka. Pikipiki ilikuwa nyuma yangu. Walinifuata, maana kwa akili zao, mtu anayerudi mahali alipokamatiwa kuna kitu amefukia. Mmoja alikwisha kuanza kuchimba kando ya jiwe kwa fimbo.

Wakanishika ili wanipandishe tena, safari hii nikalala kifudifudi barabarani. "Piga, vunja, lakini kwenye pikipiki sipandi." Nikawaeleza pale chini, uso kwenye lami: kaka, Didia, shamba, kisigino. Yule mdogo akawa wa kwanza kucheka. Basi tukarudi wote kwa miguu, wao wakisukuma pikipiki, na njiani yule mkubwa akaniambia hata mama yake ana kisigino cha namna hiyo, akaniuliza gunzi la mahindi ya njano linafaa au lazima meupe.

Mwenyekiti aliposikia habari yote alivua miwani akafuta macho kwa kucheka. Nikapewa wali, maziwa mgando, na magunzi mawili. Nikaomba namba yake ya simu. Mtu anayekwenda kubishana na kaka yangu hapaswi kwenda bila shahidi.

Kahama hadi Tinde

Kipande hiki sina mengi, na ndicho ninachokipenda. Mwili ulikuwa umeelewa. Baada ya Isaka goti la kushoto lilirudi kuuma, nikashangaa, nikakaa chini nikafikiri kama nilivyofikiri kwa ndimu. Kumbe barabara yenyewe imeinuliwa katikati na kuinama pembeni ili maji yatiririke, nami nilikuwa upande uleule siku nzima, mguu mmoja juu, mmoja chini. Nikahamia upande wa pili. Mchana goti likanyamaza. Tangu hapo nilibadilisha upande kila nilipopumzika, madereva wa malori wakidhani nimelewa.

Kinamama watatu waliokuwa wanapalilia mpunga karibu na barabara waliniuliza kama natembea kwa nadhiri. Nikasema natembea kwa ubishi. Wakanipa michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, wakasema ubishi nao unahitaji chakula.

Asubuhi moja kabla ya Tinde nilisimama kutoka kitandani, nikatoka nje, nikajisaidia, nikapiga mswaki, na ndipo nikakumbuka kwamba sikuhisi kitu. Nilirudi ndani, nikalala, nikasimama upya kuhakikisha. Mwenye nyumba alinitazama bila kuuliza.

Didia

Niliingia nyumbani mchana, siku ya kumi na tisa. Kaka Kulwa alikuwa amekaa nje ya nyumba ananoa panga. Kando yake shemeji yangu, Mama Ngolo, alikuwa anapepeta mchele. Walinitazama kutoka mbali mpaka nafika, na nilijua wanatazama nini. Nilikuja bega sawa, vidole mbele, sikuharakisha.

"Shikamoo, kaka. Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," akasema shemeji. "Umekonda, lakini umenyooka."

Kaka hakuinuka. "Umekuja kwa pikipiki," akasema.

"Nani kasema?"

"Jirani yetu alikuwa kwenye basi kutoka Kahama kwenda Masumbwe. Kakuona kwa macho yake, umekaa katikati ya vijana wawili, unaimba."

"Nilikuwa napiga kelele."

"Shija. Tulisema hata kidogo."

Nilikuwa nimesimama juani, mfuko ukiwa bado begani, na nilihisi siku zote kumi na tisa zimesimama nami zikisubiri. Sikubishana. Nilitoa simu, nikampigia mwenyekiti, nikaweka sauti kubwa, nikampa kaka.

"Haloo," akasema kaka. "Mimi ni ndugu yake Shija, yule mtu wa—"

"Yule wa gunzi?" Sauti ilijaa uwanja mzima. "Amefika? Mwambieni kijiji kizima kinamuulizia. Bwana, tulimkamata mara mbili. Tukamwachia, akarudi nyuma kilomita nne kwa miguu ili aje aanze tena. Akalala barabarani, hataki chombo. Ndugu yako huyu ni mzima?"

Kaka alinitazama miguu. Akazitazama katambuga, akaniomba moja, akaigeuza. Tairi lilikuwa limelika sawasawa, kisigino, ubavu na kidole gumba, kama limepigwa msasa.

"Mzima," akamjibu mwenyekiti. "Ni mzima." Akakata simu, akanirudishia kiatu kwa mikono miwili.

Kaka yangu ni mtu wa neno lake. Tulikula, tukazungumza mvua, mifugo, mpunga, bei ya pamba. Kesho yake akanionyesha shamba la mzee, lote, mpaka kwenye mpaka wa mwisho, na hakusema lolote. Kesho yake tena, hivyohivyo. Siku ya nne nikaanza kufunga mfuko wangu. Kaka alikuwa mlangoni. Alitazama mfuko, akatazama nje, akatoka.

Shemeji akaja na bakuli la maziwa, akaliweka juu ya mfuko.

"Yeye aliahidi kunyamaza," akasema. "Mimi sikuahidi chochote. Mpunga unavunwa mwezi wa tano, na watu hatuna. Kaa mpaka hapo, halafu tembea mpaka Kongo ukitaka."

Nimekaa. Sijakaa kwa sababu nimeshindwa. Nataka mlielewe hilo, na Makoye alielewe mara mbili. Nina mpunga wa kuvuna, na baada ya hapo nina barabara, na hakuna mtu wa kuniuliza. Kila asubuhi tunakwenda shambani, kaka mbele, mimi nyuma. Kuna siku namwona anageuka, anafungua mdomo, anaufunga, anabadilisha jembe bega, anaendelea. Mguu wake wa kulia anautupa nje, na tukianza kuteremka kwenda bondeni anakita kisigino kwa nguvu, halafu anajifanya amesimama kutazama mpunga. Najua ni wapi panapomuuma, na najua kwa nini. Sijamwambia bado.